Misi ya Dizeli Husakwa kwa Vipimo, Siyo kwa Spea

Lori likianza kumisi, mwenye mali huwa na gharama mbili mbele yake: gharama ya ugonjwa wenyewe na gharama ya fundi kubahatisha. Mara nyingi hii ya pili ndiyo inayomfilisi. Lori tunalolichambua hapa ni la Kijapani, la siku nyingi, lenye injini ya silinda sita za mstari na pampu ya dizeli isiyo na kompyuta. Lilifika gereji moja ya Ipogolo, Iringa, likiwa limeshabadilishiwa filta, na mwenyewe ameshaambiwa atafute hela ya kufungua pampu. Fundi aliyelipokea hakuigusa pampu. Alichotumia ni spana ya 17, kipande cha boksi na vipimo vilivyofuatana vizuri.

Dalili zilikuwa hizi: asubuhi likiwashwa linatetemeka na kutoa moshi mweupe. Likishapata moto linatulia kidogo, lakini likipanda mlima wa Kitonga na mzigo, nguvu hakuna.

Injini ya dizeli haina plagi. Pistoni hubana hewa mara 16 hadi 20 mpaka joto lake linapita nyuzi 500, kisha nozeli hurusha mafuta humo yakiwa ukungu, nayo hujiwasha yenyewe. Kwa hiyo silinda ikikosa kuwaka, kuna moja kati ya mambo matatu: hewa haikubanwa vya kutosha, mafuta hayakufika kwa kiasi na wakati wake, au yamefika lakini hayakuwa ukungu. Kazi nzima ya fundi ni kujua ni lipi, na katika silinda gani.

Alianza na kisichogharimu kitu, yaani moshi. Moshi mweusi humaanisha mafuta ni mengi kuliko hewa. Wa bluu ni oili inayoungua, na hapo mtu huanza kuwaza ringi na miongozo ya valvu. Mweupe una njia mbili: mvuke wa maji ya rejeta yanayopenya kwenye hedi gasketi, au dizeli iliyotoka bila kuungua. Huu uliwasha macho na kunuka dizeli mbichi. Maji ya rejeta yalikuwa hayapungui, wala hayakutoa mapovu injini ikinguruma. Gasketi ikaondolewa kwenye orodha, ringi nazo zikafuata.

Kisha akasikiliza mlio. Injini hii huwasha silinda zake kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, na ikizunguka mara 600 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 5 kwa sekunde. Filta ikiziba au hewa ikiingia kwenye mabomba, kwa kawaida silinda zote huathirika na mlio hupanda na kushuka ovyo. Hapa pengo lilijirudia kwa mpigo uleule bila kubadilika. Hiyo ni dalili ya silinda moja iliyolala, na ndiyo sababu filta mpya haikusaidia chochote.

Ipi sasa? Injini ikiwa inanguruma taratibu, alilegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa spana. Mafuta yakavujia nje, mlio ukashuka, injini ikayumba. Akakaza. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Alipolegeza ya nne, dizeli ilitoka kwa midundo kama kwa wenzake, ila mlio haukubadilika.

“Dereva, hapo umesikia nini?”

“Sijasikia kitu, fundi.”

“Basi ndiyo hiyo.”

Silinda inayofanya kazi ukiinyima mafuta utaisikia. Iliyokufa haina cha kupoteza. Wengi huishia hapo na kuagiza nozeli. Fundi huyu aliona bado mapema, kwa sababu silinda ya nne ingeweza kufa kwa valvu isiyofunga, au kwa pampu kuipelekea mafuta pungufu. Akazitoa nozeli ya nne na ya pili, akazibadilishana nafasi, akaweka washa mpya za shaba chini yake. Injini ilipowashwa, ya nne ikafufuka na ya pili ikalala. Ugonjwa umehama pamoja na nozeli! Kwa kipimo hicho kimoja pampu, valvu na kompresheni ya silinda ya nne zote zilipata hati safi, na ile hela ya kufungua pampu ikabaki mfukoni.

Nozeli ikapelekwa kwenye pampu ya mkono yenye geji. Ncha yake ilikuwa na matundu matano, na kipande cha boksi kilichowekwa mbele yake kilipaswa kupata madoa matano yanayolingana. Kilipata matatu na bonge moja la mafuta. Tena ilifunguka kwa presha ndogo kuliko kipimo cha mtengenezaji, na baada ya kufunga iliendelea kudondosha. Injini ikiwa baridi, matone hayo hayaungui. Ndiyo moshi mweupe wa asubuhi.

Sindano ya nozeli ilipochomolewa ilikuwa na kutu ya kahawia. Nafasi kati yake na ala yake ni mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una mikroni 50 au zaidi, kwa hiyo tone la maji linatosha kuiharibu. Chombo cha kutenga maji kilipofunguliwa chini, kilitoa maji kwanza, dizeli baadaye. Dereva akakiri kwamba njiani hununua mafuta ya madumu. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukamata uchakachuaji, lakini dumu la kando ya barabara halipimwi na mtu. Likichanganywa mafuta ya taa, ulainishaji unapungua na sindano zinasagika.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mafupi. Nozeli zote sita zilipimwa. Ya nne ikawekewa ncha na sindano mpya kwa pamoja, maana hivyo viwili husagwa vikiwa jozi na havitenganishwi. Mbili nyingine ziliongezewa washa nyembamba za kurekebisha presha. Tangi likaoshwa, hewa ikatolewa, kisha fundi akarudia kulegeza nati moja moja. Safari hii mlio ulishuka mara zote sita.

Kwa magari mapya yenye komoni reli, mantiki ni hiyohiyo ila mkono ni marufuku. Presha yake huweza kupita baa 1,600, na mafuta hayo hupenya ngozi hadi kumkatisha mtu kidole. Huko silinda huzimwa moja moja kwa kompyuta, na mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli hupimwa kwenye chupa.

Mwenye lori hahitaji kujua haya yote. Kabla ya kutoa hela, amuulize fundi mambo mawili: ni silinda gani, na umejuaje. Asiyeweza kujibu bado hajaupata ugonjwa, na spea atakayoiagiza ni ya kujaribia, kwa fedha ya mwenzake.