Katoto na Kiduchu: Kazi za Watoto katika Ufundishaji wa Kiswahili Sanifu mjini Likasi

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja ya Kiswahili sanifu katika miji ya Katanga imepata uzito mpya. Vitabu na filamu za watoto kutoka Tanzania huonekana kuwa nyenzo iliyo karibu zaidi, kwa hoja kwamba lugha yake ni nyepesi. Hoja hiyo yastahili kupingwa.

Mwanafunzi wa Likasi si mgeni wa Kiswahili. Amekulia ndani yake. Union Minière ilikitumia katika makambi ya wafanyakazi wake miaka mingi kabla ya mji kuacha jina la Jadotville. Ila yeye husema batoto pale kitabu kinaposema watoto, na niko mwalimu mahali pa mimi ni mwalimu. Anachofundishwa, basi, ni lahaja nyingine ya lugha yake mwenyewe, na hapo hadithi ya watoto huweza kumlemea kuliko risala ya serikali. Hadithi hiyo imejaa utani, tanakali za sauti, maumbo ya udogo na maneno ya jikoni, yaani mambo yale yale ambamo lahaja huachana zaidi.

Tuchukue Ubongo Kids, katuni iliyoanza kuonyeshwa na TBC1 mwaka 2014. Imekusudiwa kufundisha hesabu na sayansi (si lugha, jambo linalosahauliwa upesi), na kwa kazi hiyo yasifika kwa haki. Mmoja wa wahusika wake huitwa Kiduchu. Kwa mtoto wa Dar es Salaam jina hilo lachekesha bila maelezo. Mtoto wa Likasi hudogosha kwa ka-, na wingi wake tu-: katoto, tutoto, kama ilivyo katika Kiluba na Kibemba. Mwalimu akimwambia kwamba katoto ni kosa na kitoto ndilo sahihi, atakuwa amempotosha mara mbili: katoto lina sarufi yake kamili, nalo kitoto katika sanifu aghalabu huja na dharau. Tena kiambishi hicho kina historia. Katika vita vya 1996 na 1997 watoto waliotiwa jeshini waliitwa kadogo. Kamusi ya sanifu haitamweleza mwanafunzi kwa nini wazee hulitamka neno hilo kwa sauti ya chini.

Filamu ina faida moja isiyo na mshindani, nayo ni matamshi: sikio hupata m ya mtoto isiyo na irabu, na h ambayo Likasi huidondosha. Kwa sarufi, hata hivyo, haifai sana, kwa kuwa maneno hupita kabla hayajashikwa. Vitabu, kama vile vya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanza mwaka 1991, humwezesha mwalimu kusimama kwenye sentensi moja, kuwataka wanafunzi waiseme kama wanavyosema nyumbani, na kuziandika zote mbili ubaoni bila kukata yoyote kwa chaki nyekundu.