Meneja Afanye Nini Kwanza?

Mkandarasi anayejenga kibanda cha kukaushia mahindi huko Kwanza, Trans Nzoia, ameleta mabati mepesi kuliko yaliyoandikwa kwenye mkataba. Mavuno yamebakiza wiki tatu. Meneja wa mradi afanye nini kwanza: amfukuze mkandarasi, ampigie mfadhili simu, au akague mkataba na kupima athari kwa muda na gharama?

Hivyo ndivyo yalivyo maswali mengi ya mtihani wa PMP, cheti cha usimamizi wa miradi kilichoanzishwa mwaka 1984 na Project Management Institute ya Marekani. Jibu ni la tatu. Hapo ndipo hata mzoefu wa Kitale au Bungoma anapoweza kuteleza. Kazini amezoea kuzima moto. Mtihani unataka achunguze kabla ya kutenda.

Muhtasari wa mtihani ulioanza Januari 2021 unaweka maswali 180 kwa dakika 230. Asilimia 50 ni taratibu za kazi, 42 ni watu, na 8 ni mazingira ya biashara. Anayekesha na fomula akaruka sura za migogoro na uongozi ameacha alama nyingi mezani. Tena, takriban nusu ya maswali yanahusu miradi inayokwenda kwa awamu fupi zinazorekebishwa njiani, au inayochanganya mitindo.

Kwa muhtasari huo, kila swali lina sekunde 77 hivi. Kuna mapumziko mawili ya dakika 10, baada ya swali la 60 na la 120, na ukishapumzika huruhusiwi kurudi nyuma. Kwa hiyo ukimaliza swali la 60, hakikisha umebakiwa na dakika 153 hivi. Zoezi la nyumbani lifanywe kwa saa ya ukutani, maswali 60 kwa mkao mmoja.

Fomula ni chache. Zielewe kwa mradi unaoujua. Tuseme kibanda chetu kina bajeti ya shilingi milioni 2. Kazi iliyokamilika ni asilimia 40, yaani thamani ya 800,000, lakini zimetumika milioni 1. Gawanya 800,000 kwa milioni 1, upate 0.8: kila shilingi inazaa kazi ya senti 80. Mwendo huo ukiendelea, kibanda kitagharimu milioni 2 gawanya kwa 0.8, yaani milioni 2.5.

Kabla ya yote, weka kumbukumbu. Ili kuruhusiwa kufanya mtihani, mwenye shahada huhitaji miezi 36 ya kuongoza miradi. Mwenye cheti cha sekondari, miezi 60. Kwa kawaida wote huhitaji pia saa 35 za mafunzo. Aliyesimamia kisima au ghala la kijiji aandike leo tarehe, bajeti na wajibu wake. Kisha, kabla ya kulipia, asome muhtasari unaotumika siku ya mtihani wake, kwa kuwa hubadilishwa. Uzoefu tunao; tuupange.