Tadbiri ya Kulipakia Gari kwa Safari ya Watoto Wadogo

Masafa ya kutoka Dar es Salaam hadi Moshi kwa njia ya Chalinze na Segera ni takriban kilomita 560, na mtu mzima aliyezoea safari huweza kuyakata akiwa na chupa moja ya maji na shati la kubadili. Walakini mtoto wa miezi minane na dada yake wa miaka minne hawasafiri hivyo, kwani kila baada ya muda mmoja wao huwa na haja isiyongoja, na aghalabu haja hiyo huja mahali pasipo duka, wala kivuli, wala upenyo wa salama wa kusimamisha gari. Mpwa wangu na mumewe walipokusudia kuwapeleka watoto wao Moshi, wakifuatana na mama mkwe wake, bibi wa watoto hao, walilipanga gari lao kwa utaratibu ambao nimeona wastahili kuchambuliwa, si kwa wingi wa vitu walivyochukua, bali kwa namna walivyoamua kila kitu kikae wapi.

Kanuni waliyoitanguliza ni ya muda, si ya ukubwa wala ya thamani. Kwa kila kitu walijiuliza: kikihitajika, mkono una muda gani wa kukifikia? Kopo la kutapikia lina muda wa pumzi mbili tatu. Nepi ina muda wa kutafuta pahala pa kuegesha. Nguo za kulalia zina muda hadi jioni. Wengi wetu hufanya kinyume: huanza na begi kubwa, tukalijaza hadi zipu ikafungika kwa taabu, ndipo vitu vidogo vikachomekwa popote palipobaki nafasi, na matokeo yake ni kwamba kitambaa cha kumpangusia mtoto huwa chini ya viatu vya baba yake, ilhali gari limo katikati ya mashamba ya mkonge na mtoto analia.

Gari lenyewe ni la aina ile ambayo sehemu ya mizigo iko nyuma ya viti bila ukuta wa kuitenga. Baba aliendesha, na bibi akakaa mbele kushoto kwake. Nyuma, mtoto mchanga aliwekwa upande wa kushoto katika kiti chake kinachoelekea nyuma ya gari, kwa sababu kichwa cha umri ule ni kizito kwa kadiri ya shingo yake, na gari likigonga, kiti cha namna hiyo hukipokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Tena kiti hicho hakifai kabisa kuwekwa mbele palipo na mfuko wa hewa wa usalama, maana ukifumuka hukipiga kwa nguvu ya kuua. Dada yake alikaa kulia juu ya kiti cha kumwinua, ili mkanda umpite begani, usimkate shingoni. Mama akakaa baina yao. Kabla ya kupakia lolote, alijifunga mkanda pale katikati, akanyoosha mikono, na mumewe akaangalia vidole vinaishia wapi: mpaka ule ndio uliokuwa ramani ya kazi yote iliyofuata.

Ndani ya mpaka huo, kitu kilichonipendeza kuliko vyote ni vifurushi vya kubadilishia. Badala ya kuchukua bunda la nepi huku, vitambaa kule na nguo mahali pengine, mpwa wangu alitandaza fulana safi, akaweka juu yake nepi moja, kitambaa laini na mfuko mdogo wa nguo wa kutilia uchafu, akavikunja vyote pamoja na kuvifunga kwa utepe, hata kila kifurushi kikawa na mahitaji ya badiliko moja tu, yasiyopungua wala kuzidi. Faida yake hudhihiri pale mkono mmoja unapokuwa umemshika mtoto, kwa maana mkono uliobaki hauna haja ya kupekua. Walikisia badiliko moja kila baada ya saa tatu, na safari nzima pamoja na mapumziko kuwa ya saa kumi na mbili. Hayo ni mabadiliko manne, nao wakaongeza nusu yake kwa hadhari, vikawa vifurushi sita. Nepi nyingine zote zilikwenda nyuma kwenye mizigo.

Kopo la kutapikia liliwekwa miguuni pa mama, tupu, na mfuniko wake ukiwa umeegeshwa tu. Kichefuchefu cha safarini hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo na mipindo ya njia, ilhali macho yaliyoinamia kitabu au simu yanaona kitu kilichotulia. Watoto walio chini ya miaka miwili ni nadra kukipata, bali baada ya hapo hadi miaka kumi na miwili hivi ndio umri wake hasa. Kwa hiyo yule binti hakupewa kitabu cha picha, alipewa dirisha, akahesabu malori. Zamani mfuko mwepesi wa plastiki wa dukani ndio uliotumika kwa kazi hii, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa rai yangu wazazi hawakupata hasara, maana kopo gumu lenye mfuniko wa kukaza halitoboki, halimwagiki, na huoshwa likatumika tena.

Mintarafu ya chakula, hapa bibi ndiye aliyekuwa mwalimu. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto likivuka nyuzi 32, kama linavyovuka mara nyingi katika bonde la Mombo, muda huo hupungua hadi saa moja. Hivyo bibi alikataa nyama, akakataa na vyote vyenye maziwa, akaruhusu chapati kavu, ndizi zisizomenywa na machungwa. Karanga nazo zilibaki nyumbani, kwa kuwa mtoto mdogo huweza kupaliwa nazo gari likiruka tuta. Uji wa mtoto mchanga ulitiwa katika chupa ya chai, lakini kwanza chupa ilijazwa maji yanayochemka, ikafungwa kwa dakika kadhaa, kisha maji yakamwagwa ndipo uji ukaingia ukiwa wa moto kabisa. Chupa iliyopashwa namna hiyo hailinyang'anyi pishi joto lake, na uji ukikaa juu ya nyuzi 60 vijidudu havipati nafasi ya kuzaana. Ulipokwisha kumiminwa kikombeni, kilichobaki hakikurudishwa chupani.

Dawa ndizo zilizowekwa mahali ambapo wengi hukosea. Kabati la dashibodi huonekana ndipo stahiki yake, ijapokuwa gari lililoegeshwa juani huwa tanuri pale mbele, na dawa nyingi za maji za watoto huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Wao walizitia katika deli la maji baridi, ndani ya bakuli lenye mfuniko lisilogusa barafu, pamoja na karatasi yenye uzito wa kila mtoto kama ulivyopimwa kliniki, kwa sababu kipimo cha parasetamoli hufuata uzito. Walichukua na pakiti za ORS za lita moja moja, na jambo dogo lililonionyesha umakini wao ni chupa tupu ya lita moja iliyofuatana nazo. Maji ya njiani aghalabu hununuliwa katika chupa za nusu lita au za lita moja na nusu. Pakiti ya lita moja ikikorogwa katika ile kubwa, dawa hupungua nguvu, na katika ile ndogo chumvi huzidi, jambo ambalo ni hatari kwa mtoto anayeharisha. Dawa iliyokwisha kukorogwa hutumika kwa saa 24, kisha humwagwa.

Kanga moja ilitosha kwa kivuli, mradi ijulikane wakati wa kuihamisha. Kutoka Chalinze barabara huelekea kaskazini, basi jua la asubuhi huingia kwa upande wa kulia. Baada ya Segera, njia ikifuata milima ya Usambara na Upare na mchana ukipinduka, jua huhamia kushoto, upande aliokaa mtoto mchanga. Kanga ilibadilishwa dirisha walipopumzika Korogwe.

Nyuma, mizigo mizito ililazwa chini na kusukumwa hadi kugusa migongo ya viti, na hakuna kilichopita kimo cha viti hivyo. Juu ya yote ukafungwa wavu. Kitu cha kilo moja tu kisichofungwa, gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga, humfikia aliye mbele yake kwa uzito wa makumi ya kilo. Kasoro moja niliiona hapo: tairi la akiba lilikuwa chini ya sakafu ya mizigo, na jeki pamoja nalo, hata pancha moja ingewalazimu kushusha kila kitu kando ya barabara. Jeki, spana na pembetatu za tahadhari zingekaa pembeni mwa mlango wa nyuma, na mabegi yakafungwa kwa namna ya kushuka kwa mikono miwili, hasara hiyo ingepungua sana.

Limebaki jambo ambalo halina kifurushi wala deli la kulitibu. Pale Segera wauza machungwa hulizunguka gari, na mzazi huona si taksiri kushuka kidogo na kuwaacha waliolala. Gari lililofungwa juani hupanda takriban nyuzi 10 kwa dakika kumi za mwanzo, hata vioo vikiachwa wazi kidogo, na mwili wa mtoto hupata joto upesi mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Nawasihi wazazi: akishuka mmoja, mwenzake abaki na watoto, milango ikiwa wazi, na asipokuwapo wa kubaki, washuke wote, hata kama mtoto mchanga ndiyo kwanza amepata usingizi.