Kiti cha Maboksi

Fundi wa viti vya karatasi haanzi na karatasi, anaanza na mtoto. Anamlaza chali mkekani, anangoja atulie, kisha anaikunja nyonga polepole, halafu goti, kiganja kikipapasa pale msuli unapoanza kukaza. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyekakamaa, ukimvuta ghafla, mwili mzima unagoma: mgongo unajipinda nyuma, miguu inapishana kama mkasi. Kungoja huko ndiko ninakokuheshimu kuliko yote yanayofuata.

Mtindio hutokana na ubongo kuumia ungali unakua. Pengine mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au ni njiti, au alipata manjano kali, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Si laana, wala si kosa la mama. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila mwili unaendelea kukua: misuli iliyokaza inafupika, viungo vinakakamaa, nyonga inaweza kuteguka kidogo kidogo. Ndiyo maana namna mtoto anavyokaa kila siku ni sehemu ya matibabu.

Vipimo sasa. Kutoka nyuma ya kalio hadi nyuma ya goti, toa upana wa vidole viwili: huo ndio urefu wa kikalio cha kiti. Kikirefushwa mno, mtoto anateleza mbele na mgongo unafanya kibiongo. Kikifupishwa mno, mapaja yananing'inia. Goti hadi kisigino, upana wa nyonga, kimo cha kiwiko kwa ajili ya meza. Anayejisukuma nyuma huinuliwa kidogo ukingo wa mbele wa kikalio. Anayepishanisha miguu huwekewa kigingi laini kati ya magoti, wala si juu kwenye kinena.

Ndipo maboksi yanapoingia. Ufundi huu ulilelewa Zimbabwe na Bevill Packer, ukasambaa nchi nyingine za Afrika, na malighafi yake ni maboksi ya dukani, magazeti, na gundi ya unga wa ngano iliyopikwa ikawa uji mzito. Fundi anapaka, anabandika tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka analigeuza ili mifereji ya ndani ya boksi ikingamane na ya lile la chini. Hapo ndipo nguvu inapotoka. Anakandamiza kwa mawe na kuacha ikauke kabisa, hata kama ni siku kadhaa, kwa sababu unyevu ukibaki ndani ubao utapinda au kuota ukungu. Ubao ukikauka unakatwa kwa vipimo vile na kuungwa kuwa kiti, kisha vipande vya karatasi kila ukingo, msasa, rangi, vanishi. Kiti kinabeba mtoto bila kulalamika, na mtoto akikua kingine kinatengenezwa kwa gharama ndogo.

Siku ya kukijaribu, makalio yanasukumwa hadi nyuma kwanza, mkanda unafungwa kwenye nyonga, nyayo zinakanyaga. Kidevu kikishuka kidogo, kumeza kunakuwa salama zaidi, na mama analisha akiwa mbele, macho kwa macho. Mikono iliyokuwa ikihangaika kutafuta usawa wa mwili inapata nafasi ya kushika kijiko.

Fundi hajaondoka bado. Baada ya nusu saa anamtoa mtoto, anamkagua mapaja, mgongo na vifundo vya miguu. Wekundu usiofutika upesi unamwambia mahali pa kupunguza, naye anachukua msasa tena.