Kichwa kikubwa si kosa kila mara

Mtoto akichora mtu wa kichwa kikubwa na miguu mifupi, mwalimu anapiga biki nyekundu. Mu madarasa yetu ya Kasongo na Kabambare tunafunza kwamba kichwa kinaingia mara saba na nusu mu urefu wa mtu. Kipimo hicho ni kizuri, sikikatai. Lakini wengine wanaongeza: "Wacha kuchora sawa wazee wa zamani, wao hawakujua kupima." Hapo ndipo ninagombana nao.

Tuangalie sanamu za mababu za Wahemba, jirani zetu wa upande wa Kongolo. Mara nyingi kichwa kinakaribia robo ya mwili, miguu ni mifupi, mikono inashika tumbo, kitovu kinatokeza. Sasa linganisha upande wa kuume na wa kushoto: ni sawasawa. Geuza nyuma: nywele zimesukwa kisogoni mfano wa msalaba, kila mstari mahali pake. Mtu asiyejua kupima ataweza ile kazi? Mchongaji alifupisha miguu kwa kutaka, juu kichwa ndio mahali pa akili na ukubwa, na kitovu ndio ukoo. Kwa Walega wa Pangi, humu humu Maniema, kasanamu ka bwami kanaweza hata kukosa mikono, kwa maana kazi yake ni kufunza neno, si kuonyesha sura ya fulani. Wabeleji walipiga bwami marufuku mwaka 1948. Leo sanamu nyingi za namna hiyo ziko Tervuren, na watoto wetu wanaziona mu picha tu, kama wanaziona.

Tena kile kipimo chenyewe tunakifunza nusu. Saba na nusu ni ya mtu mzima. Kwa mtoto mchanga, kichwa ni robo ya urefu; kwa wa miaka sita, karibu sehemu moja ya sita. Ndio maana mu madaftari mengi mtoto wa mgongoni anafanana na mzee mdogo!

Hakuna haja ya kungoja kitabu toka Ulaya. Simamisha mwanafunzi ukutani, pima kwa kamba toka utosi mpaka kidevu, kiisha hesabu kamba inaingia mara ngapi mpaka chini. Anyooshe mikono pembeni: upana wake unakaribia kimo. Watacheka, lakini watashika. Kiisha leta picha ya sanamu ya Kihemba, wapime vilevile. Wakipata nne, swali la pointi liwe: kwa nini nne?