Silabi Iliyopotea Mgololo

Mzee aliyeketi mbele ya kamera yangu Mgololo alikuwa akisimulia jinsi yeye na vijana wenzake walivyofika pale kutafuta kazi, enzi kiwanda cha karatasi kinajengwa. Walipoaga kwao waliambiana neno moja: "Hatutarudi." Katika filamu niliyoipeleka kijijini kuionyesha, mzee yule yule, kwa sauti yake mwenyewe, alisema: "Tutarudi."

Alinyamaza mpaka picha ya mwisho. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi sikusema hivyo." Alikuwa sahihi. Sikuwa nimekusudia kumbadilishia kauli, lakini niliibadilisha, na njia iliyonifikisha hapo inamhusu kila anayehariri video za Kiswahili.

Mgololo iko wilayani Mufindi, mkoani Iringa, kwenye ukanda wa baridi na ukungu, wa miti ya paini, chai na treni za TAZARA. Kiwanda chake kilianza kuzalisha karatasi miaka ya 1980, baadaye kikasimama, kisha kikabinafsishwa mwaka 2004. Nilitaka filamu ya dakika 12 juu ya watu waliojenga maisha yao kukizunguka. Nilirudi na saa 6 za picha. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, kila saa hula takriban gigabaiti 45, kwa hiyo diski yangu ilibeba gigabaiti 270 hivi. Katika mzigo wa namna hiyo, kumbukumbu ya kichwani haitoshi. Ndipo alama na klipu ndogo zinapohitajika.

Alama ni kazi ya sikio. Unaicheza klipu nzima bila kukata chochote, na kila penye jambo unabonyeza M, iwe uko kwenye DaVinci Resolve au Premiere Pro. Mimi hutumia kijani kwa kauli, bluu kwa picha za mazingira, nyekundu kwa sauti yenye kasoro. Kila alama ina nafasi ya maelezo, na maelezo hayo yanaweza kutafutwa baadaye kwa neno. Lazima pia ujue umeiweka wapi. Alama iliyowekwa juu ya klipu husafiri nayo popote uipelekapo. Iliyowekwa juu ya mstari wa wakati ni ya mstari. Ukifuta sekunde 10 kabla yake na programu haikupangwa kuisogeza, itabaki ikionyesha tukio lisilo lake.

Klipu ndogo huja baada ya hapo. Unaweka mwanzo kwa I na mwisho kwa O, unaamuru programu itengeneze klipu ndogo, unaipa jina na kuiweka kwenye folda yake. Wengi hudhani faili jipya limezaliwa. Hapana. Klipu ndogo ni kama mawe ya mpaka shambani: yanaonyesha eneo lilipoanzia na lilipoishia, wala hayahamishi udongo. Faili ni lile lile la kwanza, na diski haiongezeki uzito wa maana. Ukilifuta faili mama, klipu ndogo zote hubaki majina matupu.

Sasa kosa langu. Alama ya kijani niliiweka mahali pake hasa, lakini kwenye maelezo niliandika "kuaga nyumbani" tu. Maneno ya mzee sikuyaandika. Nilipofika kwenye kutengeneza klipu ndogo nilikuwa na haraka, nikaweka mwanzo kwa kuangalia mchoro wa mawimbi ya sauti badala ya kusikiliza. Herufi "h" ni pumzi. Mchoro wake ni mwembamba, na sauti ya mzee ilikuwa ya chini, huku lori likinguruma kwa mbali. Wimbi lililosimama wazi lilianzia kwenye "t". Nikakata hapo. Silabi "ha" ilikuwa na urefu wa fremu 4 katika zile 25 za kila sekunde.

Kuanzia hapo kosa likajilinda lenyewe. Niliacha limewashwa chaguo la programu linalozuia klipu ndogo isivutwe kupita mipaka yake. Kila nilipoirekebisha kwenye mstari wa wakati, ile "ha" haikuwepo kuonekana wala kusikika. Nilisikiliza filamu mara nyingi, na kila mara sentensi ilisimama vizuri, kwa sababu "tutarudi" ni Kiswahili safi.

Hili ndilo jambo la kushika. Miongozo mingi ya programu hizi huandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mara nyingi kukanusha kuna neno lake linalosimama peke yake. Ukilikata, pengo husikika. Kiswahili hubeba ukanushi mlangoni mwa kitenzi. "Hawatauza" ikipoteza "ha" inakuwa "watauza". "Sitakubali" ikipoteza "si" inabaki "takubali", na mitaani kwetu hiyo husikika kama "nitakubali". Mhariri wa Kiswahili anakata karibu na kiapo cha mtu, na fremu 4 zinatosha kukigeuza.

Marekebisho yalichukua chini ya dakika moja: kufungua mipaka ya klipu ndogo, kurudisha mwanzo nyuma, kusikiliza. Kinachochukua muda ni nidhamu ya kuzuia kosa lisirudi. Sasa kila klipu ndogo ya mahojiano naipa sekunde 1 ya ziada mwanzoni na 1 mwishoni. Kukata kwa wembe kunasubiri mstari wa wakati. Ndani ya alama naandika maneno matatu au manne ya kwanza ya msemaji kama alivyoyatamka. Neno la kwanza la kila klipu nalisikiliza macho yakiwa yamefumbwa, mchoro usije ukaniongoza. Na kabla ya kuitoa filamu, nairudia kila kauli kwenye klipu mama, nikilinganisha na maelezo ya alama.

Nilirudi Mgololo na nakala iliyosahihishwa. Watoto wa mzee na wajukuu walikuwa wameketi sakafuni, mbele ya televisheni. Wote wamezaliwa pale. Kwao ni pale. Sauti ya baba yao ilipofika kwenye "hatutarudi", nilielewa uzito wa kile nilichokuwa nimekikata. Familia yote iliyokuwa chumbani ilikuwepo Mgololo kwa sababu ya ile silabi.