Pindo, Mji na Jina: Namna ya Kuisoma Beji ya Begani

Fani ya kukusanya beji za begani za majeshi ina mabingwa wake, na ubingwa wao si wa kubezwa. Mkusanyaji hodari hupewa kipande cha kitambaa kisicho na mwaka wala jina la fundi. Hukigeuza nyuma, akautazama uzi, akakipitisha chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, kisha akatoa hukumu. Mtunzi wa utenzi humwonea huruma msomaji: katika beti za tamati hujitaja, na mara nyingi huutaja na mwaka. Beji haina tamati. Mwaka wake hutafutwa mwilini mwake.

Msomaji wa pwani aliyezoea kuisoma kanga hatapotea hapa, maana beji nayo ina pindo, mji na jina. Kanga yenye jina la herufi za Kiarabu hujitenga kwa umri na dada yake wa herufi za Kirumi. Pindo la beji nalo husema. Beji za Marekani zenye ukingo mnene ulioviringwa kwa mashine zilienea miaka ya 1960; za kabla ya hapo aghalabu zilikatwa tu pembeni. Waingereza nao, walipobanwa na uhaba wa Vita vya Pili vya Dunia, waliacha kutarizi alama nyingi za divisheni wakazipiga chapa juu ya pamba.

Taji ni kalenda nyingine. Chini ya George wa Sita lilichorwa na matao yaliyopanda juu kama kuba. Baada ya Elizabeth kurithi kiti mwaka 1952, likaja taji ambalo matao yake hubonyea katikati. Lakini asiyeangalia ataumbuka: tangu 2022 Mfalme Charles amelirudisha taji la kuba.

Mji wa beji ndipo uhakiki wa kweli unapoanzia, na ndipo wakusanyaji wengi wanaponyamaza. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943 na kupigana Burma 1944, ilibeba kichwa cha kifaru. Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi, iliyopigana huko huko, ilibeba buibui, naye ni Ananse, mjanja wa hadithi za Waashanti. Alama ya pili imetoka vinywani mwa bibi za waliovaa. Ya kwanza ni nzuri kwa jicho, ila yanuka bunduki ya mwindaji mgeni. Ngano za huku zingemteua sungura, na pengine hakuna jenerali ambaye angekubali.

Jina nalo halihitaji taa. Wenyeji waliita King's African Rifles "Keya", na herufi KAR za shaba zilikaa begani mwa askari. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Batalioni ya 6 ya Keya iligeuka kuwa Tanganyika Rifles. Januari 1964 askari hao waliasi Dar es Salaam na Tabora, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Beji yoyote ya Tanganyika Rifles, basi, imefungiwa ndani ya muda usiofika miaka 3.

Historia hiyo yote iliwahi kupita juu ya bega moja la Mkoa wa Mara. David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, alijiunga na Keya mwaka 1942 akapelekwa Madagaska. Katika Vita vya Kagera aliiongoza Divisheni ya 20. Kati ya 1980 na 1988 alikuwa Mkuu wa Majeshi. Alifariki Oktoba 2024. Mkoa huo ulitoa askari wengi, na kata kama Bweri, mjini Musoma, inajua harufu ya sanduku la bati lililotunza kombati. Swali ni hili: beji ya sanduku hilo ikifika mezani kwa mkusanyaji, itasomwaje?

Itasomwa vibaya. Taa ile hufanya kazi kwa kuwa pamba ya zamani haing'ai, ilhali viwanda vya baada ya vita vilitia dawa za kung'arisha. Lakini dawa hizo zimo pia katika sabuni ya unga. Beji ya kweli iliyofuliwa na mke au mama miaka mingi itang'aa, nayo itaitwa bandia. Iliyolala ghalani bila kuguswa itapita, na bei yake itapanda. Kipimo hiki kinaithamini fani na kuyafukuza maudhui. Ni sawa na mhakiki anayeupenda muswada kwa sababu haukuwahi kusomwa na mtu.

Na muda wa kusahihisha ni mfupi. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku 7 wasalimishe sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Sababu zake zaeleweka, kwani wahalifu hujificha ndani ya nguo hizo. Lakini mjane anayeogopa hatofautishi kitambaa cha 1979 na cha jana, na moto wa jikoni haubagui. Shati la mtumba lenye bendera ya Ujerumani begani na shati la aliyeingia Kampala Aprili 1979 hutupwa kapu moja.

Kabla ya taa na bei, basi, yaandikwe ambayo uzi pekee hauwezi kuyasema: beji ilishonwa mkono gani wa shati, na nani, kwa sindano au kwa cherehani, ilifuliwa kwa nini, ilifumuliwa lini. Ilipofumuliwa, shati hubaki na matundu ya sindano yaliyopangana na kivuli cheusi cha kitambaa ambacho jua halikukifikia. Shati hilo wakusanyaji hawalinunui.